Mapovu ya Kibebeo Kitupu

Wivu wangu juu ya yule mwanamume wa Kawangware ulianza na koti. Watu wakisikia kisa hiki wanadhani ulianza na cheo, lakini cheo kilikuja baadaye. Mimi nilikuwa nimeosha chupa katika maabara ile mpaka vidole vikapata mikunjo kama vya mtoto aliyezaliwa leo, na koti nililopewa na ofisi lilikuwa limeshonewa mtu mwenye tumbo la mbunge. Nikilivaa, upepo ulikuwa unaingia kwa mkono huu na kutokea kwa ule. Yeye akaja Jumatatu yake ya kwanza na koti jeupe lililomkaa kama ganda la yai, kola imepigwa pasi hadi ungeweza kukatia mkate.

"Umelitoa wapi hilo, buda?" nikamuuliza.

"Mke wangu ni fundi," akasema. "Ana cherehani yake pale Kawangware."

Nikataka kujua mke ni mtu wa wapi. Akanitajia kijiji cha upande wa ziwa, ng'ambo tu ya mto kutoka kwetu. Hapo akacheka kwa sauti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe wewe ni shemeji! Mimi nimeoa dada yako!"

Sikuwa na dada Kawangware. Lakini mtu hakatai ushemeji mbele za watu, kwa hiyo kuanzia siku ile tukawa mashemeji. Nilipata shemeji bila kuona hata mkia wa ng'ombe wa mahari.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba tulifanana. Sote tulikuwa vibarua. Sote tulikuwa tumemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, watu wazima wenye ndevu, mimi katika ukumbi wa kanisa kule Kibera, mbele ya ubao uliopasuka katikati hata hesabu zetu zikawa zinavuka bonde kufika upande wa pili, na yeye katika darasa kama hilo kwao Kawangware. Ningeweza kumpenda kwa hilo. Lakini kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshaniambia, bila kuulizwa, alama aliyopata katika kemia, na ilikuwa imeishinda yangu.

Niieleze kazi yenyewe. Mtaa wetu wa Silanga, hukohuko Kibera, wote ulikuwa unaijua kutoka kwangu, ingawa nilikuwa nimeipaka mafuta kidogo. Nilikuwa nimewaambia majirani kwamba ninatibu saratani. Watu walikuwa wananiletea majipu niyaangalie.

Maabara yetu ilikuwa ya daktari mmoja mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alikuwa anafuga seli za saratani ndani ya chupa, kama wengine wanavyofuga kuku. Seli zilikuwa zinalishwa maji ya rangi ya waridi yenye chakula, zinakaa katika kabati lenye joto la mwili wa mtu, na usipoziangalia zinazaana kama zimelipwa. Dawa ya kuziua ilikuwepo. Shida ya dawa ile ni kwamba haipendi maji, na mwili wa mtu ni maji matupu. Ukiimwaga ndani inatangatanga, inapiga wenye hatia na wasio na hatia, nywele zinaanguka, mgonjwa anatapika mpaka anasahau jina la mama yake.

Kwa hiyo wataalamu wa ng'ambo walikuwa wametengeneza kibebeo. Ni polima, mnyororo mrefu mwembamba, ndugu wa plastiki, lakini ambao unayeyuka majini. Minyororo mingi ikikutana inajikunja kuwa kidonge kidogo sana, na dawa inajificha tumboni mwake mpaka ifike kwenye seli. Daktari alituletea unga wake mweupe na kutuambia, "Hiki chenyewe hakifanyi lolote. Ni mkokoteni tu. Kazi inafanywa na mzigo."

Sisi tukaamini. Nani asingeamini? Na kwa sababu ya imani hiyo tulikuwa na desturi moja pale. Ukitaka kujua kama dawa inaua, lazima uwe na seli nyingine ambazo hazikupewa dawa, ulinganishe. Sisi za kulinganishia tulikuwa tunazipa kibebeo kitupu. Zile za kuachwa na chakula chao tu, bila kuguswa na kitu, hatukuwa nazo kabisa. Chakula kile kilikuwa kinatoka ng'ambo kwa ndege, kinalindwa kuliko mtoto wa chifu. Tukasema kibebeo kitupu na kutoguswa ni jambo moja, kwa nini tupoteze chakula?

Ndipo nafasi ikatokea. Daktari alituita sote wawili akasema mradi umepata nguvu mpya, na kutakuwa na mtu mmoja wa kudumu, wa kulisha seli na kutazama katika hadubini. Mmoja. Mwingine angebaki kibarua, karibu na sinki.

Nilirudi Silanga siku ile nikiwa nimeshajipandisha cheo mwenyewe. Mke wangu alikuwa anapepea jiko la makaa mlangoni. Nikamwambia nafasi ni yangu.

"Daktari amesema?"

"Hajasema, lakini ameniangalia."

"Na yule shemeji yako wa Kawangware hakuangaliwa?"

Mwanamke huyo alikuwa na uwezo wa kupata kidonda gizani kwa ncha ya sindano.

Wiki iliyofuata daktari alipokea swali kutoka kwa mwenzake wa ng'ambo: je, wana hakika kwamba kibebeo hakifanyi kitu? Daktari akaguna kama mtu aliyeulizwa kama ana hakika maji ni mepesi kuliko jiwe. Lakini akaamua safari hii tupange chupa safu tatu. Safu ya kwanza, seli na chakula tu. Ya pili, seli na kibebeo kitupu. Ya tatu, seli na kibebeo chenye dawa. Na kazi ya kuzipanga akampa nani? Akampa koti.

Mimi nilisimama sinkini nikimtazama. Naapa mtu yule alikuwa anashika pipeti, ule mrija mwembamba wa kuvutia dawa, kama padri anavyoshika kikombe cha misa. Anavuta, anashusha, hatetemeki. Alikuwa anachongoa midomo kidogo akifanya hivyo, kama anambusu mtu asiyeonekana. Nilichukia ile midomo. Nilichukia hata kivuli chake ukutani, kilikuwa na mabega mapana kuliko yangu.

Siku ya kutazama ilipofika daktari aliinama kwenye hadubini, akatazama safu ya kwanza, akatikisa kichwa kuridhika. Akatazama safu ya pili. Akarudi ya kwanza. Akaenda tena ya pili.

"Njoo hapa," akamwambia shemeji. "Ulifanya nini?"

"Kama ulivyosema, daktari."

"Hizi hazijapewa dawa?"

"Hazijapewa."

"Basi kwa nini zimejaa mapovu?"

Nikanyata kutoka sinkini na mikono ikidondosha maji. Niliruhusiwa kuchungulia. Seli za safu ya kwanza zilikuwa nono, zimelala zimejinyoosha kama watu wa Jumapili mchana. Za safu ya pili zilikuwa chache, zimevimba, na ndani ya kila moja kulikuwa na viduara vingi vyeupe, vimebanana kama mapovu katika karai la nguo. Zilipotiwa ile rangi ya buluu ambayo seli hai huikataa na iliyokufa huinywa, nyingi zilikunywa kama zimetoka jangwani. Na hakukuwa na tone la dawa ndani yake!

Daktari alifikiri kile ambacho mtu yeyote angefikiri. Shemeji amechanganya chupa. Amechovya pipeti kwenye dawa, akaipeleka kwenye tupu.

Nilisikia furaha ikinipanda kutoka kwenye nyayo. Niliuma ulimi ili nisiimbe. Yeye alisimama pale na koti lake, jasho limemtoka puani, anasema, "Daktari, sikuchanganya," na sauti imekuwa ndogo.

"Daktari," nikasema, "kwa unyenyekevu kabisa. Nipe mimi nirudie. Mikono yangu inajua chupa hizi tangu zamani."

Shemeji akanigeukia. "Ah, shemeji. Hata wewe?"

"Ni sayansi tu, shemeji," nikamwambia. "Usichukulie vibaya."

Daktari akakubali. Kama kuna siku niliyofanya kazi kwa uangalifu maishani mwangu, ni siku ile. Nilivuta pumzi nje na kuingia nayo ndani ili nisipulizie seli. Pipeti za dawa nilizipeleka chumba kingine kabisa, kama wagonjwa wa kipindupindu. Nilikuwa naziona chupa zangu tupu tayari zikiwa safi, seli zimenona, daktari akimwambia shemeji, umeona mwenzako?

Daktari alipotazama chupa zangu, zilikuwa na mapovu. Zangu labda zilikuwa na mapovu zaidi.

Sijui kama nitaweza kueleza hasira niliyokuwa nayo kwa zile seli. Nilikuwa nimejitesa kuthibitisha kwamba mtu wa Kawangware hajui kazi, na seli zikaamua kufa kwa mtu wa Kibera vilevile. Shemeji alikohoa tu, kikohozi kimoja kifupi cha kuridhika, na kikohozi kile nilikisikia mpaka Silanga.

Lakini balaa lilikuwa bado. Daktari alikaa kwenye kiti, akawa anagonga meza kwa kalamu. Watu wawili, mikono miwili tofauti, mapovu yaleyale. Basi kosa haliko mikononi. Liko kwenye kitu ambacho sote tulikitumia. Unga wa kibebeo tulikuwa tunauyeyusha kwanza katika chupa za kioo, ndipo tunaumwagia seli. Safu ya kwanza haikupita katika chupa zile. Safu ya pili ilipita. Chupa zile zilikuwa zinaoshwa kwa sabuni. Na aliyekuwa anaziosha alikuwa mtu mmoja tu katika jengo zima.

"Unasuuza vizuri?" daktari akaniuliza, kwa upole, na upole ule ndio ulinitisha.

"Daktari, nasuuza mpaka chupa zinalia!"

"Mapovu," akasema, kama anajisemea. "Mapovu yanatoka kwenye sabuni."

Nikaambiwa nisiguse chupa kwanza. Nipumzike mpaka jambo lijulikane. Kibarua akiambiwa apumzike, anaelewa.

Nyumbani sikula. Katika akili yangu picha ilikuwa wazi kama kioo: ni shemeji aliyetia neno la sabuni katika sikio la daktari. Nani mwingine? Ile midomo iliyochongoka ilikuwa imenong'ona sikioni mwa daktari. Jumapili baada ya kanisa nikavaa shati la heshima, nikatoka Silanga nikapanda Kibera yote, nikavuka barabara ya Ngong, nikapita mtaa wa Satellite nikijipangia maneno, na nilipofika Kawangware nilikuwa na hotuba ya kutosha bunge zima.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati kama changu. Sakafu yake ilikuwa ya saruji. Yangu ilikuwa ya udongo. Nikaliongeza hilo kwenye hotuba.

Aliyefungua mlango ni mke wake. Mwanamke mrefu, kipimo cha fundi kinaning'inia shingoni. Aliponisikia nikitaja kwetu, akapiga makofi.

"Omera! Ndugu yangu! Na hukutuma neno kwamba unakuja!"

"Nimekuja kumwona mume wako kidogo tu, dada. Sikai."

"Hukai vipi? Ndugu aje kwangu mara ya kwanza, aondoke na mate mdomoni? Unataka nyumbani waseme nimeolewa porini?" Akamgeukia mume wake, ambaye alikuwa ametokea nyuma yangu na jerikeni ya maji. "Wewe, mshike kuku."

"Yule mwekundu?"

"Kwani kuna mwingine?"

Hapo nikawa nimekwisha. Anayejua watu wetu anajua. Kaka akija mara ya kwanza kwenye nyumba dada yake alikoolewa, anachinjiwa kuku, na kuku akishachinjwa kwa ajili yako huwezi kumgombeza mwenye nyumba. Hotuba ingeweza kungoja, kuku hangoji. Nikakaa. Nikamsikia yule mwekundu akilalamika nyuma ya nyumba, nikamwonea huruma, maana hata yeye alikuwa amenaswa katika ushemeji usio wake.

Chakula kilipoletwa, shemeji akachukua firigisi, ambayo ni ya baba mwenye nyumba na hapewi mtu mwingine hivihivi, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hapana," nikasema.

"Kula, shemeji."

"Hii ni yako."

"Kula bwana. Dada yako ananiangalia."

Nikala. Ilikuwa laini, imekolea chumvi, na nilivyokuwa naitafuna ndivyo nilivyozidi kumchukia.

"Nisikilize," akasema akivunja ugali. "Jambo la sabuni. Nilimwambia daktari siamini."

Nikaacha kutafuna.

"Nilimwuliza kama tunaweza kuchukua chupa moja uliyoosha wewe, tutie seli na maji ya chakula tu, bila kibebeo. Kama ni sabuni, mapovu yatakuja yenyewe. Naye akasema tuongeze chupa mpya, zile zilizofungwa na kiwanda, ambazo sabuni yako haijawahi kuzisalimia, tuyeyushie kibebeo humo. Nimezipanga Ijumaa. Kesho tunatazama."

"Kwa nini umefanya hivyo?"

Akashangaa kama nimemuuliza kwa nini anavaa viatu. "Sasa nikuache ufukuzwe kwa kosa la chupa? Huyu hapa angenifungia mlango."

"Ningekufungia," mke akasema.

Nilirudi Kibera nimeshiba kuku na nimeshiba sumu. Nilikuwa nimekwenda kumtukana mtu, akanilisha, na sasa kazi yangu ilikuwa imening'inia kwenye mikono yake mizuri. Kama chupa zangu zingeonekana safi, ningebaki, lakini yeye ndiye angekuwa amenibakisha. Na zisipoonekana safi, basi. Niliomba Mungu kwa maneno magumu: niokoe, lakini si kupitia huyu.

Jumatatu nilisimama mlangoni mwa maabara, sikuthubutu kuingia. Daktari alitazama kwanza chupa niliyoosha, yenye chakula tu. Seli zilikuwa nono, zimejinyoosha, hazijui habari ya sabuni. Kisha akatazama chupa mpya ya kiwandani yenye kibebeo kitupu.

"Mapovu," akasema. Halafu akasema tena polepole, "Mapovu. Ni chenyewe."

Ni kibebeo. Ule mkokoteni usiofanya lolote ulikuwa unaingia ndani ya seli, unakaa, seli haijui itautupa wapi, inajaa vifuko vya takataka hadi inavimba na kufa. Kwa muda wote ule tulikuwa tumelinganisha seli zilizopewa dawa na seli ambazo nazo zilikuwa zinateseka, tukizidhani zimetulia, kwa sababu hatukuwahi kuziona zilizotulia kwa kweli.

Shemeji akasema, "Hata mkokoteni mtupu ukiteremka Silanga unavunja miguu."

Daktari akacheka, akarudia maneno yale, akacheka tena. Sasa niambie. Nani anakaa Silanga? Nani alikuwa amesema maneno hayohayo kwenye chai siku aliporuka mtaroni kukwepa mkokoteni? Mimi! Lakini unamdai vipi mtu kichekesho wakati amekuokoa na njaa?

Daktari hakucheka kwa muda mrefu. Alisema kwamba ikiwa kinafanya hivi kwa seli za saratani, lazima ajue kinafanya nini kwenye ini la mtu, na kazi yote ya nyuma irudiwe, safari hii na safu tatu. Kisha akaniambia nirudi kazini, na akaniomba radhi mbele ya watu, jambo ambalo si kila daktari hulifanya.

Nafasi aliitangaza wiki hiyohiyo. Alituita, akasema sote tumefanya kazi safi na mikono yetu haina tofauti. Nikavuta pumzi. Kisha akanigeukia mimi.

"Lakini wewe ulikuwa unamchunguza yeye," akasema. "Mwenzako alikuwa anachunguza chupa."

Shemeji alinipa mkono. Nikaushika, nikatabasamu hadi taya zikauma, nikamwambia, "Hongera, shemeji, ulistahili," na kila herufi ilinitoka kama mwiba wa samaki.

Nilibaki sinkini, na nikawa ninasuuza kuliko zamani. Nilisuuza chupa zile mpaka ungedhani zimeumbwa asubuhi hiyo, ili siku yoyote mapovu yakitokea pasiwe na mtu hata mmoja duniani wa kutaja sabuni. Na yalitokea, kila safari, katika safu ya pili. Kila yalipotokea shemeji alikuwa anatoka kwenye kile kiti cha hadubini, ananiita kwa sauti kubwa, "Shemeji! Njoo uone!" Nilikuwa nakausha mikono, naenda. Nilikuwa nainamisha kichwa, naweka jicho pale lilipokuwa lake, na kile kioo kilikuwa bado kina joto lake.